Muulize Wakili: Mbuzi yangu ya umeme imeshapigwa picha, nifanyeje?

*Bi Wakili, shikamoo. Mimi ni fundi wa kuchomelea, Jomvu. Nimeunda mbuzi ya nazi inayozungushwa na mota niliyoitoa kwenye mashine kuukuu ya kufulia. Miezi minne iliyopita niliipeleka maonyesho ya Mkomani, watu wakaipiga picha na video tele. Sasa yuko tajiri wa Kongowea anataka nimpe mchoro akapige hesabu ya kutengeneza mia moja. Je, nimechelewa kupata hataza, ile hati ya kumiliki uvumbuzi? — Fundi, Jomvu*

Marahaba, mwanangu. Kwa hapa Kenya hujachelewa, ila usilale. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inamwachia mvumbuzi miezi 12 tangu aonyeshe kazi yake mwenyewe hadharani. Ombi likifika KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, ndani ya muda huo, maonyesho ya Mkomani hayatakuharibia. Umebakiwa na miezi minane. Ulaya hawana huruma hiyo: kilichokwisha kuonekana na watu si kipya tena, na video zako zimeshazunguka.

Nashukuru ulikubali kuniletea hiyo mbuzi ofisini, imefungwa kwa gunia juu ya bodaboda. Nilikuna nazi mbili kwa mkono wangu, na hapo nikaona jambo ambalo barua yako haikulitaja hata kwa neno moja: ile springi nyuma ya kichwa cha meno. Meno yakikaribia kifuu, springi inarudi nyuma na kichwa kinaacha kuuma. Nyama inatoka nyeupe, ule utando wa kahawia unabaki kwenye kifuu, na tui nililokamua lilikuwa jeupe pe! Mpishi yeyote wa pwani ataelewa kwa nini nilifurahi.

Hiyo springi ndiyo mali yako. Mbuzi za umeme zipo, India wanaziuza siku nyingi, na ukienda kudai kwamba wewe ndiye uliyetia mota kwenye mbuzi, mkaguzi atakurudisha na karatasi zako. Sehemu ya ombi inayoitwa madai ni kama ua wa shamba: ukiupitisha kwa jirani, utang'olewa. Dai jinsi springi, kichwa na mota vinavyofanya kazi pamoja, basi. Kabla ya hapo, kaa saibani jioni mbili tatu utafute kwenye Espacenet na Patentscope, tovuti za kutafutia hataza za nchi nyingi, ambazo hazilipishwi, uone kama kuna aliyekutangulia.

Hataza kamili hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, lakini uvumbuzi lazima uwe mpya, ufae kutengenezwa, na usiwe jambo ambalo fundi mwenzako angelifikia bila kuumiza kichwa. Hilo la tatu ndilo huwaangusha wengi. Iko hati nyingine, yutiliti modeli, ya uvumbuzi mdogo: hiyo haiulizi hilo la tatu, na hudumu miaka 10 bila kuongezwa. Mimi kwa kifaa chako ningeomba hiyo. Soko lako ni la miaka hii, wala si la mwaka wa ishirini.

Kumbuka pia kwamba kinga ya Kenya inakomea Lunga Lunga. Ukivuka Horohoro, yeyote anaweza kuiunda. Ukitaka Tanzania na Uganda, ombi moja kwa ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la nchi za Afrika lililoko Harare, linaweza kutaja nchi zote mbili.

Sasa huyo tajiri. Usimpe mchoro. Marehemu babangu alikuwa seremala Mji wa Kale, akabuni kitanda cha kukunja chenye bawaba ya mbao, bila msumari hata mmoja. Mfanyabiashara mmoja akaomba mchoro "auangalie tu". Mwaka haukwisha, vitanda vile vile vikawa vinauzwa, na baba hakuwa na karatasi yoyote yenye tarehe ya kuonyesha kwamba kilianza kwake. Alikuwa akivipita dukani akiangalia upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo kwanza wasilisha ombi. Akishindwa kungoja, atie saini mkataba wa kutunza siri mbele ya shahidi, na hata hapo mwonyeshe mashine ikifanya kazi, usimfungulie kichwa.

*Nauza mabuyu, Kisauni. Jina "Mabuyu Matamu" nimelisajili kama jina la biashara, lakini Mwembe Tayari nimeona pakiti za mtu mwingine zina jina hilo hilo. Nimshtaki? — Mama Mabuyu*

Pole, dada. Cheti cha jina la biashara kinasema tu ni nani anayeendesha biashara. Hakikupi haki ya jina kwenye pakiti. Hiyo ni alama ya biashara, nayo husajiliwa KIPI kwa aina ya bidhaa. Ikitangazwa, watu wana siku 60 za kupinga, na ikipita hudumu miaka 10, kisha unaihuisha.

Lakini "Mabuyu Matamu" haitapita. Linaeleza bidhaa yenyewe, na kila muuzaji ana haki ya kusema mabuyu yake matamu. Miaka ya 2000 kampuni moja Uingereza ilijaribu kujisajilia neno "Kikoy", na wauzaji wa Kenya wakapinga hadi ombi likaachwa. Tulifurahi sote, na haki ile ile inamlinda jirani yako wa Mwembe Tayari. Tafuta jina lisiloeleza kitu, hata jina la utani la nyanya yako. Na kipimo chako cha iliki na pilipili usimwandikie mtu: hataza ingekulazimu ukitangaze.

*Nina wazo la programu ya simu ya kuonyesha foleni ya feri Likoni. Nikalisajili wapi? — Kijana, Mtongwe*

Wazo tupu halisajiliwi popote. Ukiiandika programu, hakimiliki inazaliwa papo hapo, na cheti cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kinakuwa ushahidi wako. Ikianza kufanya kazi, hata kwenye simu yako peke yake, niandikie tena.