Maji ya chumvi na kivuli cha mwembe: tupande nyasi gani?

SWALI: Salaam. Ua wetu hapa Bamburi ni mita 10 kwa 12. Robo yake iko chini ya mwembe mkubwa, iliyobaki inapigwa jua kutwa. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Mwaka jana tulileta nyasi ya kikuyu kutoka Nairobi. Ilishika vizuri wakati wa masika, lakini kaskazi, msimu wa joto na ukame, ilipoingia ikageuka manjano, kisha ikakauka. Sasa muuzaji wa miche anatuambia paspalum, jirani anasema nyasi ya Pemba. Tuchukue ipi?

JIBU: Salaam, dada. Chukueni zote mbili: paspalum penye jua, Pemba chini ya mwembe.

Kikuyu isijaribiwe tena. Ni nyasi ya nyanda za juu, iliyozoea usiku wa baridi. Hapa pwani usiku wa kaskazi ni wa joto, na nyasi huendelea kutumia chakula ilichotengeneza mchana badala ya kukiweka akiba mizizini. Ikinyweshwa maji ya chumvi juu ya hayo, haiwezi kuhimili.

Kabla ya kununua chochote, pimeni maji kwa kipimo kidogo cha chumvi, kile kinachosoma miligramu kwa lita. Pimeni mwezi wa Machi, maana visima vingi huzidi chumvi ukame ukikaza. Yakiwa chini ya 1,000, karibu nyasi zote za pwani zitakubali. Kati ya 1,000 na 3,000, ukoka na Pemba huweza kuishi ikiwa udongo unapitisha maji. Zaidi ya hapo, tegemeeni paspalum, ambayo asili yake ni kandokando ya bahari. Lakini hata paspalum, ikiwa changa, huumizwa na chumvi: wiki mbili za kwanza inyweshwe maji matamu, au ipandwe mvua ikiwa imeshika.

Kivuli ni suala jingine. Paspalum na ukoka zinahitaji jua la moja kwa moja saa sita hivi kwa siku. Pungufu ya hapo hurefuka, hukonda na kuacha mapengo. Pemba huridhika na saa tatu au nne, hasa mkipogoa matawi ya chini. Kwenye duara la mita moja kuzunguka shina msipande kitu. Mizizi ya mwembe itashinda nyasi yoyote.

Kagueni miche kabla ya kulipa, kwa sababu ukoka huuzwa kwa jina la paspalum. Paspalum ina jani jembamba linalong'aa, na shuke lake hugawanyika mara mbili kama herufi V. Shuke la ukoka lina vidole vitatu hadi saba. Pemba ina jani pana lenye ncha butu na mtambao (shina linalotambaa ardhini) mnene uliobapa.

Sasa ardhi. Ng'oeni mitambao yote ya kikuyu, ondoeni kifusi, kisha mwagilieni kiwanja kitupu kwa wiki tatu ili magugu ya ndago yachipue, mkaichimbe na viazi vyake. Kazi hii inachosha, lakini ndago ikishaingia ndani ya nyasi hamtaitoa. Pale mwamba wa matumbawe ulipo karibu, ongezeni udongo mpaka upate kina cha sentimita 15. Tandazeni samadi iliyooza vizuri, unene wa sentimita 3, mwichanganye na udongo. Kwa ua wenu ni kama wilibaro 60. Chokaa msiweke kabisa. Matumbawe yenyewe ni chokaa.

Pandeni mwishoni mwa Machi au Aprili mvua ikianza. Kila kipande cha mtambao kiwe na vifundo vitatu, viwili vifukiwe, kimoja kibaki juu. Paspalum iachane sentimita 15 kila upande: kwa mita za mraba 90 mtahitaji vipande 4,000 hivi. Pemba sentimita 20, vipande 750. Katikati ya aina hizo mbili zamisheni mstari wa kabro (matofali ya saruji ya kutandika chini), kwa sababu zitaingiliana na hazikatwi urefu mmoja. Zikitunzwa, ua utafunikwa baada ya miezi miwili hadi mitatu.

Zikishashika, mwagilieni mara mbili kwa wiki, jumla lita 25 kwa kila mita ya mraba, yaani lita 3,000 kwa ua mzima. Kunyunyizia kidogo kila siku ndiko kunakoharibu: maji hukauka juu, chumvi inabaki kwenye mizizi. Wakati wa kaskazi, mara moja kila wiki tatu, mwageni maradufu ili chumvi isukumwe chini. Fanyeni hivyo asubuhi mapema. Matone ya maji ya chumvi yakikaukia kwenye jani juani, ncha huungua.

Paspalum ikatwe ibaki sentimita 4, Pemba ibaki 7. Kila mara ondoeni theluthi moja tu ya urefu. Pemba ikikwanguliwa kwa slesha mpaka chini, mitambao hubaki wazi juani na kukauka.

Rangi ya manjano itarudi siku moja, na hapo angalieni jani lipi limeanza. Yakianza majani ya zamani, nyasi inataka naitrojeni: gramu 25 za salfeti ya amonia kwa mita ya mraba, kisha maji papo hapo. Yakianza machanga, mishipa ikibaki kijani, ni upungufu wa madini ya chuma, ugonjwa wa kawaida kwenye udongo wa matumbawe. Yeyusheni gramu 5 za salfeti ya chuma kwa lita moja ya maji matamu, mpulize jioni. Funikeni kabro kwanza, maana dawa hiyo huacha madoa ya kutu yasiyotoka.