Bia ya moshi: ukiipata Malindi usiitie kwa friza

Haya, kwa nyinyi mnaoniuliza kila wikendi kuhusu ile bia inayonukia moshi, naandika hapa niache kurudia rudia. Mimi niko kaunta hapa Malindi na hizi chupa huja tu mgeni akitoka nazo Ujerumani, kwa hivyo ukipewa moja itunze.

Kwanza sahau mambo ya barafu. Kwetu ukikaa tu ushaulizwa baridi ama moto, na kwa joto hili wengi twataka chupa iwe yatoka jasho. Sasa hii ikiwa baridi sana utasikia moshi mkavu basi, utamu wa kimea umelala. Itoe kwa friji uiweke mezani kama robo saa, kwa hewa yetu haihitaji zaidi, ikifika digrii 10 hivi imimine kwa glasi. Usinywe kwa chupa, manake nusu ya raha ya hii bia iko puani.

Harufu ya kwanza itakushtua. Ni ile nguo zako hubaki nayo ukisimama karibu na jiko la mishkaki jioni. Wazungu wengi husema yanukia nguruwe wa kukaushwa, na hapo ndipo jamaa fulani alisukuma glasi huko akataka kujua kama imetiwa nyama. Hamna nyama, hamna mafuta, ni maji, kimea cha shayiri, hopsi (maua ya kutia bia uchungu) na hamira tu. (Pombe bado ni pombe lakini, asiyekunywa muache na madafu yake.) Moshi watoka kwenye kimea. Shayiri ikilowekwa ikachipua lazima ikaushwe, na pale Bamberg, mji wa Bavaria, wako ambao mpaka leo huikausha juu ya moto wa kuni za mti wa biichi, moshi ukapita katikati ya punje na ukanata humo. Zamani kimea kingi kilikaushwa hivyo hivyo, halafu zikaja tanuri za hewa moto isiyo na moshi na wengi wakahamia huko, lakini viwanda vya bia vya Schlenkerla na Spezial hapo Bamberg vikakataa kuacha.

Inayofika sana ni Schlenkerla Märzen, kahawia iliyokolea, asilimia 5.1, wala si kali. Ushauri wangu mkubwa ndio huu: usiihukumu kwa glasi ya kwanza. Piga funda dogo, toa pumzi kwa pua, ngoja, piga lingine. Pua huzoea moshi, na kufikia glasi ya pili ushapungua wenyewe, hapo ndipo utamu wa kimea hujitokeza na nyuma yake uchungu kidogo wa kusafisha ulimi. Wanaogawana chupa moja watu wanne hawafiki hapo, wanaonja kero wanaondoka.

Kama una wasiwasi tafuta Helles, bia nyeupe ya hao hao Schlenkerla, hiyo haitiwi kimea cha moshi kabisa ila yapikwa kwa mitungi ile ile na hamira ile ile, so moshi waja kwa mbali. Urbock, nyingine yao, ni asilimia 6.5. Eiche, ya moshi wa mwaloni, ni 8, hiyo pikipiki acha nyumbani. Na si Wajerumani peke yao, Wapoland wana Grodziskie ya ngano ya moshi wa mwaloni, nyepesi sana, na kule Juneau, Alaska, tangu 1988 wanatengeneza bia nyeusi ya kimea kilichokaushwa kwa kuni za mti wa alda, kuni zile zile za kukaushia samaki wao. Hiyo natamani ifike huku kwa watu wa samaki.

Chakula sasa. Mishkaki, pweza wa kuchoma, changu wa makaa na ndimu, hapo hukosei. Jibini ngumu ya Kitaliano, na Malindi hatukosi, ni tamu nayo kuliko nilivyotarajia. Biriani hapana, masala na moshi vinagombana mdomoni. Samaki wa kupaka pia mimi sipendi nayo, tui lafunika kila kitu, ingawa mwenzangu wa jikoni hataki kusikia hilo.

Na ikikushinda kabisa usimwage, ipikie nyama ya ng'ombe ya mifupa moto mdogo, vitunguu vingi, chumvi uchelewe kutia.