Walijuaje mwezi una vumbi kabla ya kuukanyaga?

SWALI: Mhariri shikamoo. Ule usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulivyokuwa mwekundu hapa Arua, mzee wangu akasema wataalamu walijua huko juu kuna vumbi hata kabla mtu hajafika. Walijuaje na hawajagusa? Ama walibahatisha tu?
Msomaji, Arua

JIBU: Marahaba. Mzee wako amesema kweli, na kupatwa kwa mwezi kama kule mlikoona ndo kuliwapa jibu. Dunia ikiingia katikati ya jua na mwezi, jua linazimwa huko mwezini kwa masaa kadhaa, alafu wewe unapima kwa darubini joto linashuka vipi. Wataalamu wawili wa nyota wa Marekani, Pettit na Nicholson, walifanya hivo 1927 pale Mount Wilson, kituo cha darubini huko California, wakakuta joto la juu limeanguka zaidi ya digrii 100 upesi sana. Sasa mwamba mzima haupoi hivo! Kinachopoa hivo ni kitu kilichosagika, punje zinagusana kidogo tu na katikati hamna hewa, kwa hio joto la chini haliwezi kupanda. Angalia jikoni, moto ukizimwa majivu ya juu yanapoa haraka lakini figa ukiligusa bado linakuunguza.

Na mafiga ya mwezi yalionekana pia, hii ndo naipenda kuliko zote. Desemba 1964 wataalamu wengine, Saari na Shorthill, walitumia darubini ya Kottamia huko Misri mwezi ukipatwa, wakaona mamia ya madoa yamekataa kupoa, mojawapo lile shimo kubwa la Tycho, maana huko mawe yako wazi hayajafunikwa na vumbi. Yani watu wamekaa Afrika hapahapa wanajua wapi kuna mawe wapi kuna vumbi.

Kilichobaki ni kama vumbi litabeba mzigo, maana mtaalamu wa nyota Thomas Gold alishaonya toka 1955 kwamba linaweza kumeza chombo. Chombo cha Wasovieti, Luna 9, kikatua 3 Februari 1966, hakikuzama. Mwaka uliofuata Surveyor 3 ya Marekani ikachimba mitaro kwa koleo lake.

Na vile vumbi linazuia joto, Wahindi wamepima ndani kabisa mwaka 2023 na chombo chao Chandrayaan-3 kilichotua mwezini: juu ya ardhi karibu digrii 50, sentimita 8 tu chini yake, kama urefu wa kidole, tayari ni digrii 10 chini ya sifuri.