Mtoto anayeuliza kama bibi yake wa Goma atauawa

Dada, umeuliza umjibu nini mwanao wa miaka saba, anayesikia simu za kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, kila usiku na sasa anataka kujua kama bibi yake atauawa. Mwambie ukweli, kwa kiasi cha umri wake. Anza kwa kumuuliza amesikia nini, maana watoto huokota vipande vya maneno na kujijazia yaliyobaki, na wanayojijazia mara nyingi hutisha zaidi. Kisha sema kwa ufupi: Januari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliuteka mji wa Goma, watu wengi walikufa, wengine wakakimbia, bibi yuko hai, tunaongea naye. Usiahidi kwamba hatapatwa na lolote. Ahidi unaloliweza: "Nikipata habari zake, nitakuambia mimi mwenyewe."

Video za maiti zinazosambazwa WhatsApp asizione kabisa. Akianza kukojoa kitandani usimkaripie, hiyo ni hofu. Ikiendelea kwa wiki kadhaa, tafuta mshauri nasaha au daktari wa watoto.

Na nakusihi, uchungu wako usigeuke matusi kwa kabila zima mbele yake. Pengine anakaa dawati moja na mtoto wa kabila hilo, na kesho atayarudia maneno yako darasani.