Usikalibreti bodi kwa bodi yenyewe, mimi yalinikuta Goba

Mama mmoja wa Goba alinipigia asubuhi, hata shikamoo yangu haijaisha vizuri, ananiambia mwanangu hii mashine yako inasema uongo, nikiwasha pampu tu maji yanaongezeka kwenye kioo wakati tangini hayajaingia hata ndoo. Nikacheka kimoyomoyo, nikajua mama hajaelewa. Kumbe asiyeelewa ni mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa kipima maji cha simtanki la lita 5000: sensa ya presha ya miliampia 4 mpaka 20 chini ya tangi, rezista ya omu 220 kugeuza ile karenti kuwa volti, halafu bodi ndogo ya Arduino Uno inasoma zile volti na kuzigeuza kuwa namba. Nyumbani Tabata nilikalibreti, yaani kurekebisha usomaji wa bodi, kwa kujiamini sana: nikatoa volti kwenye pini ya bodi, nikairudisha kwenye pini ya kusomea, namba zikalingana, nikafunga boksi. Sasa ndugu yangu, pini zote mbili zinapimia rula moja, yaani ile volti 5 ya bodi. Rula ikiwa fupi zote zinakosea sawasawa na wewe unaona kila kitu safi.

Na rula ilikuwa fupi kweli. Goba nilikuta chaja ya simu ndo inalisha bodi pamoja na rilei, yaani swichi ya sumaku ya kuwasha pampu, waya mwembamba, rilei ikibana volti zinashuka mpaka 4.7. Bodi haijui, yenyewe inaamini iko 5, kwa hiyo tangi likiwa nusu linaongezewa lita kama 240 za hewani. Mama alikuwa sahihi kabisa.

Nilichofanya kwanza ni kuipa rilei chaja yake, hapo ndo kalibresheni inakuwa na maana, maana ukipima kitu kinachoyumba utapata namba ya dakika ile tu. Halafu nikachukua multimita na poti (rezista ya kuzungusha) ya kiloomu 10, nikaweka volti 1.00 kwa mita, bodi ikasoma 212, nikaweka 4.00 ikasoma 845. Gawanya 3 kwa 633, unapata volti 0.00474 kwa kila hatua moja, siyo 0.00489 ya kwenye hesabu za mtandaoni, na baki ni kama milivolti 5 za kutoa. Pointi mbili zilizo mbali mbali, basi. Wale wa pointi moja mnajua mnachokifanya, mimi siwasemi.

Rezista nayo ipime, zile za bei rahisi za Kariakoo zina mstari wa dhahabu, maana yake inaweza kukosea asilimia 5 juu au chini. Na ukitaka kutumia pini ya AREF, ile ya kuipa bodi rula ya volti kutoka nje, kodi ya analogReference(EXTERNAL) itangulie kabla ya kusoma chochote, la sivyo unaweza kuunguza chipu.

Upande wa kutoa ndo nilipata aibu nyingine. Mteja alitaka inveta ya pampu, ile ya kubadilisha mwendo wa mota, iendeshwe kwa volti 0 mpaka 10, nikachuja PWM, yaani volti ya bodi inayowaka na kuzima haraka haraka, kwa rezista na kapasita nikapandisha na chipu ya LM358, mezani nikailisha volti 5 kwa uvivu, nikapandisha namba ya PWM kwenye kodi mpaka 255 ya mwisho, volti zikagoma kama 3.5. Nikahangaika na kodi saa nzima! Ile chipu haifiki kwenye volti inayolishwa, inabakiza kama 1.5 juu, ukiipa 12 ndo 10 unaipata. Na pima inveta ikiwa imeunganishwa, ikiwa wazi inakudanganya.

Namba zangu siku hizi naandika kwa maka pen ndani ya mfuniko wa boksi pamoja na tarehe, nikirudi napima zilezile. Mama wa Goba kioo kinamwambia ukweli sasa, ila ufito wake wa kupimia maji bado umeegeshwa pembeni ya ngazi ya tangi, na nimeukuta umelowa.