Mmoja kati ya watano

Kaka, shikamoo. Picha yako nimeiona. Gazeti limelazwa mezani pale stendi, kichwa cha habari chekundu kinasema Waislamu hawana pa kukimbilia Uingereza, na kidole chako kimeingia pembeni mwa picha. Chini umeniandikia: "Ndiko unakotaka nimpeleke mwanangu?" Binti amepata nafasi ya kusomea uuguzi, wewe usingizi huna, na wifi nasikia ameshaanza kulia kabla hata ya viza. Haya, ngoja nikujibu bila kupaka rangi.

Niko hapa Hull, Uingereza, mwaka wa 13 sasa. Kazi yangu unaijua, ingawa Mikindani mnapenda kuwaambia watu kwamba niko "hospitali". Natunza wazee majumbani kwao. Nawaogesha, nawavisha, nahakikisha wamemeza dawa, naondoka kwenda kwa mwingine. Mtandio sijawahi kuuvua. Katika miaka yote hiyo, walionitukana mchana kweupe kwa ajili ya dini hawafiki watano, na mmoja wao alikuwa mlevi aliyekuwa anatukana hata basi lililomwacha. Msikiti upo, nyama ya halali ipo, futari tunaalikana. Kwa hiyo hicho kichwa cha habari, kwa maisha yangu mimi, ni uongo.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya na mimi. Kuna jambo, ila si lile unaloliogopa.

Novemba 2015, siku chache baada ya wanajihadi kuua watu Paris, nilikuwa namhudumia bibi mmoja wa miaka 88. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi, wa zile meli zilizokuwa zikitoka Hull kwenda kuvua karibu na Iceland, na ndicho kilichotuunganisha. Nilikuwa namsimulia habari za ngalawa na changu, yeye ananisimulia barafu inayoganda kwenye kamba mpaka wanaume wanaivunja kwa shoka. Asubuhi hiyo naingia, nakuta gazeti la The Sun liko mezani, kikombe cha chai kimewekwa juu yake. Ukurasa wa mbele, kwa herufi unazoweza kuzisoma toka ng'ambo ya barabara: Muislamu mmoja kati ya kila watano Uingereza anawaonea huruma wanajihadi. Mimi nikapiga magoti, nikaanza kumvisha soksi.

Akaniuliza taratibu, "Mnaokuja hapa kwa wiki mko wangapi?"

Nikamwambia tuko watano. Akanyamaza. Nikamwona anahesabu kwa vidole juu ya blanketi, kila kidole anakipa jina. "Basi," akasema, "ni mmoja wenu."

Hata hakulisema kwa ubaya, kaka. Alilisema kama mtu anayeulizia ni nani kati yenu amekuja na mafua. Na hesabu yenyewe ilikuwa mbovu, maana kati yetu watano Waislamu tulikuwa wawili tu. Ila wiki mbili zilizofuata alitaka mlango wa bafu ubaki wazi ninapomwogesha. Na baridi ile ya Novemba! Yeye anatetemeka, mimi natetemeka, mlango uko wazi.

Sasa sikiliza kilichokuwa ndani ya habari yenyewe. Waislamu kama 1,000 walipigiwa simu, wakaulizwa wanajisikiaje kuhusu vijana wa Kiislamu wanaoondoka Uingereza kwenda kujiunga na wapiganaji Syria. Swali halikutaja jihadi, wala halikutaja kundi lolote, na Syria ya wakati ule ilikuwa na wapiganaji wa kila namna, wakiwemo waliokuwa wakipigana na hao hao Daesh, wanaojiita Dola la Kiislamu. Asilimia 71 walisema hawana huruma nao hata kidogo. Asilimia 5 wakasema wana huruma nyingi, 14 wakasema wana huruma kiasi. Jumlisha hao wawili, sukuma kidogo, unapata mmoja kati ya watano. Baada ya hapo neno "wapiganaji" likageuka "wanajihadi", na gazeti likaingia mitaani.

Na hilo neno huruma ndilo lililonikera kuliko yote. Mimi ningepigiwa ile simu ningejibu nini? Mtoto wa watu wa miaka 17 kadanganywa kwenye intaneti, kapanda ndege, kaenda kufia jangwani, mama yake hata kaburi hana. Ningesema nawaonea huruma, kama wewe ulivyomwonea huruma yule kijana wa jirani aliyeingia kwenye unga. Kumwonea mtu huruma na kumuunga mkono ni vitu viwili. Kwa kichwa kile mimi ni mwenzao.

Malalamiko zaidi ya 3,000 yalipelekwa IPSO, chombo kinachosimamia maadili ya magazeti huku, na Machi 2016 kikaamua kwamba habari ile ilipotosha kwa kiasi kikubwa. Uamuzi ukachapishwa. Bibi yangu hakuuona. Mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea, na wakati huo mlango wa bafu ulikuwa umeshafungwa zamani, si kwa sababu ya IPSO, kwa sababu ya baridi na mazoea.

Ukitaka kujua jambo hili linavyojijenga kichwani mwa watu, mwaka 2016 kampuni ya kura za maoni iitwayo Ipsos (si ile IPSO) iliwauliza Waingereza wanadhani Waislamu ni asilimia ngapi ya watu wa nchi yao. Wakakisia 15. Ukweli ulikuwa chini ya 5. Hawakutuhesabu mitaani, walituhesabu gazetini.

Hilo la misikiti kushambuliwa ulilolisikia ni la kweli, sitalificha. Tarehe 29 Julai 2024, mji wa Southport, watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu wakiwa kwenye mafunzo ya kudansi. Na hapa nikuambie kitu ambacho sijamwambia hata mama. Nilipoona habari kwenye simu, dua ya kwanza iliyonitoka ilikuwa, "Ya Rabi, muuaji asiwe Muislamu." Watoto wale niliwakumbuka baadaye. Mimi, mama wa watoto wawili. Miaka ya kusoma vichwa vya habari ndiyo imenifikisha hapo, na sijisamehi kirahisi.

Jioni ile ile jina la uongo lenye mlio wa Kiarabu likasambazwa, eti ni mkimbizi aliyekuja kwa boti. Mtandao mmoja uliojipamba kama chombo cha habari ukalichapisha. Kesho yake umati ukaushambulia msikiti wa Southport kwa matofali. Alhamisi mahakama ikaruhusu jina la kweli litajwe: kijana wa miaka 17, mzaliwa wa Cardiff, wazazi wake wametoka Rwanda. Si Muislamu wala hakuja na boti. Jumamosi, ukweli ukiwa umeshatangazwa, ndipo vurugu zikafika hapa Hull. Wakazingira hoteli ya wakimbizi, wakachoma duka la viatu, wengine wakatoka madukani na simu na sabuni za kuogea. Walikuja kuikomboa nchi, wakarudi na sabuni.

Siku zile niliogopa. Mwenzangu wa kazini, Mwingereza, alinipitia kwa gari lake wiki nzima, na wala hatukuliongelea, tulikuwa tunaongelea bei ya mafuta. Na kule Southport, asubuhi ya baada ya ule usiku, mafundi waashi walifika wenyewe na saruji na matofali, wakajenga upya ukuta wa msikiti bila kudai hata senti. Sidhani kama hilo lilipata nafasi kwenye meza ya stendi.

Usinielewe vibaya. Siwatetei Waingereza, wana makosa yao ya kutosha. Ila kila nikikaa naukumbuka mwaka 2013 nyumbani. Watu wa Mtwara tulisema gesi yetu isiondoke kwenda Dar kabla hatujajua tunabaki na nini. Vijana walitaka ajira, wazee walitaka majibu. Siku ile ya Mei mambo yakaharibika, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Ukienda Dar baada ya hapo ukataja unakotoka, unatazamwa kama umeficha kiberiti mfukoni. Nani aliyesoma mpaka chini tulikuwa tunadai nini? Na Wamachinga wa Lindi je, kabila zima, leo jina lao nchi nzima ni la mtu anayetembeza bidhaa barabarani.

Halafu ikaja vita ya wanajihadi kule Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, mfanyakazi mwenzangu alitafuta Mtwara kwenye ramani, akaona iko juu tu ya ile alama nyekundu, akaniuliza kama "watu wenu" ndio hao. Nikamwambia watu wetu ndio waliokimbia. Wewe mwenyewe uliniambia waliovuka Ruvuma walikuwa wanaswali kama sisi, na kijiji chetu cha Kitaya, upande wa Mtwara, kilipovamiwa Oktoba 2020 hakuna aliyeulizwa kwanza dini yake. Akasema, "Hilo halikuandikwa." Liliandikwa. Lilikuwa aya ya tisa.

Kwa hiyo mwanangu aje. Atakachokutana nacho zaidi si matusi, ni maswali, tena kutoka kwa watu wanaompenda, siku ambayo kuna tukio limetokea mahali asipopajua, na anatakiwa alitolee maelezo kabla hajanywa chai. Inachosha. Kuna siku mimi najibu, kuna siku nasema leo siwezi, niulize kuhusu korosho. Na yeye asijilazimishe kuwa balozi wa Waislamu wote duniani, ana mitihani ya kufanya.

Avae makoti mawili, hilo moja mlilomnunulia ni la Lushoto. Mwambie anipigie Jumamosi saa kumi jioni kwa saa za huko, nitakuwa nimetoka kazini. Wifi mpe pole, mwambie asiangalie tena zile video.

Na hilo gazeti, kaka. Ulilinunua, au ulisimama pale mezani mikono nyuma ukasoma juu tu kama kawaida yako?