SWALI LA LUGHA: Treni "ingefika" ama "ingalifika"?

Swali limetoka Nakuru, Section 58. Msomaji anaandika hivi: "Mwalimu, habari. Kuna mheshimiwa anatafuta kiti huku kwetu, alisimama juu ya gari akasema, 'Kama mngelinichagua mara ile, saa hii tungekuwa tunapanda treni ya mwendo kasi kutoka hapa mpaka Kisumu. Lakini mkinichagua sasa, itafika.' Shemeji yangu ni mwalimu wa shule, akacheka sana, akasema huyo mtu hajui Kiswahili, huwezi changanya -ngeli- na -nge-. Mimi nikamwambia mbona kila mtu anaongea hivyo. Nani ako sawa? Na inaandikwa mwendo kasi ama mwendokasi?"

Ndugu yangu, kwa mtihani shemeji yako ako sawa, kwa barabara uko sawa wewe, na kwa hiyo sentensi yenyewe mheshimiwa amewashinda wote wawili, ingawa sidhani alikusudia.

Darasani tulifundishwa kwamba kiambishi kikianza upande mmoja kinarudi vilevile upande wa pili. Mngenichagua, ningeleta. Mngalinichagua, ningalileta. Ukichanganya kwenye insha, kalamu nyekundu inakungoja hapo, na sina shida na hiyo kanuni ju mwanafunzi lazima aanzie mahali. Kwa hiyo kanuni mheshimiwa angesema "mngelinichagua, saa hii tungelikuwa tunapanda". Sasa niambie ukweli, ni nani umewahi kumsikia Nakuru mzima, kuanzia soko la Wakulima mpaka stendi ya matatu, akisema tungelikuwa ama tungalikuwa? Kwa mdomo -ngali- imebaki ya vitabu na mahubiri, -ngeli- inatokea hapa na pale, na -nge- ndiyo imebebeshwa kazi yote. Mtu akitaka kuonyesha kwamba jambo lilishapita anaongeza tu kuwa na -me-, "ingekuwa imefika", "tungekuwa tumepanda", na hicho ni Kiswahili kizuri kabisa, asikudanganye mtu.

Lakini angalia vizuri ile sentensi. Uchaguzi anaoulilia ulishapita, hauwezi kurudiwa, ndio maana ulimi wake ulienda kwa -ngeli-. Kupanda treni nako anakuweka "saa hii", yaani leo, kwa hivyo -nge-. Sharti ni la jana, matokeo ni ya leo, na kila upande umepata kiambishi cha wakati wake. Mimi kosa hapo silioni. Hiyo "kama" ya mwanzo tu ndiyo ingeachwa, maana -ngeli- inajitosha, lakini hiyo ni kuwa mchoyo tu.

Shemeji yako angepaswa kucheka ile sentensi ya pili, ile fupi. "Mkinichagua sasa, itafika." Sarufi yake haina doa, lakini imebeba -ki- moja peke yake, na -ki- ndiyo inayobeba masharti, kila moja ukiiona ujue kuna kitu lazima kitokee kwanza. Sasa historia ya hii reli mpya, ile tunaita SGR, ina -ki- ngapi? Reli ya Mombasa mpaka Nairobi ilizinduliwa 31 Mei 2017, uchaguzi ukawa 8 Agosti mwaka huohuo, na ndiyo maana kampeni za serikali wakati huo zilikuwa zinaongea kwa -me-, tumejenga, tumeleta, treni imefika, kwa sababu treni yenyewe ilikuwa inaonekana. Baadaye ikasukumwa kutoka Nairobi mpaka Suswa, upande wa Naivasha, ikafunguliwa Oktoba 2019, ikakwama hapo, kwa sababu mkopo wa China wa kuivusha mpaka Kisumu na Malaba haukupatikana wakati ule. Kwa hivyo mtu akitaka kuwaambia watu wa Nakuru sentensi kamili ni "mkinichagua, na pesa zikipatikana, na wenye mashamba wakilipwa fidia, itafika". Hizo ni -ki- tatu, na aliyekuwa juu ya gari alibakisha ile inayomhusu yeye tu, zile zingine mbili akazimeza.

Kuna hii pia: "itafika" kiima chake ni treni. Treni itafika, yenyewe, imeamua. Hakusema nitaifikisha, hakusema nitaijenga. Sijui anatafuta kiti gani, hukuniambia, lakini kama ni ugavana ama uwakilishi wadi basi alifanya vizuri kutosema "nitaijenga", kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka reli kwa serikali ya kitaifa, kaunti haina reli ya kujenga. Kama ni ubunge anaweza kusema "nitaipigania bungeni", hiyo ina mtendaji na ina mahali pa kumuuliza. Kama ni urais, huyo sasa ndiye aambiwe abadilishe kiambishi, aseme nitai-, tusikie vizuri.

Turudi kwa -nge- na -ngali- kidogo, maana wengi wenu huuliza kama kweli zina tofauti siku hizi. Zipo, na treni zinaonyesha vizuri kuliko mifano ya vitabu ya mvua na mavuno. Novemba 2008 watu wa jimbo la California, Marekani, walipiga kura wakakubali jimbo likope karibu dola bilioni 10 za kuanzisha treni ya kasi kati ya San Francisco na Los Angeles, na mpango wa wakati ule ulikuwa watu waanze kupanda 2020. Hawajapanda mpaka sasa, lakini ujenzi unaendelea, kwa hivyo mtu wa huko akilalamika kwa Kiswahili angesema "tungekuwa tumeshapanda", -nge-, maana jambo bado lina pumzi. Sasa nenda Uingereza. Oktoba 2023 waziri mkuu Rishi Sunak alisimama kwenye mkutano wa chama chake mjini Manchester, Manchester kwenyewe, akatangaza kwamba kipande cha reli ya kasi ya HS2 kutoka Birmingham mpaka Manchester kimefutwa. Mtu wa Manchester aliyekuwa anakingoja huyo ana haki kamili ya -ngali-: "isingalifutwa, ingalifika kwetu". Na mkiona nimeandika isingalifutwa msishtuke, "haingalifutwa" pia ipo na watu wanaitumia, mimi napenda ya -si- kwa maandishi, basi.

Nakuru tuko wapi? Kwa maoni yangu tuko kwa -nge- bado. Kipande cha Naivasha mpaka Kisumu kimepangwa, kimekwama, kimeahidiwa tena, kila kampeni kinafufuliwa, lakini sijasikia mtu akikifuta waziwazi. Na tusijifanye treni ni kitu kigeni huku, reli ya kwanza iligusa ziwa pale Kisumu 1901, wakati huo mji ukiitwa Port Florence, na ile ya abiria ya Nairobi mpaka Kisumu iliporudishwa Desemba 2021 ilipita palepale pa zamani, Njoro, Molo, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, usiku kucha. Mzee wa Muhoroni ukimwambia "treni itafika" atakuuliza, ifike mara ngapi?

Hapo ndipo swali lako la mwisho linaingia. Andika mwendokasi, neno moja, kama unataja aina ya treni, kwa sababu limeshakuwa jina: treni ya mwendokasi. Kama unaeleza tu vile kitu kinaenda, tenganisha uweke "wa" katikati, "inaenda kwa mwendo wa kasi". Na ukipenda garimoshi badala ya treni, kumbuka ni la mwendokasi, sio ya, ingawa hizo za umeme hata moshi hazina na hakuna mtu amelalamika.

Kinachonisumbua zaidi ya kutenganisha ama kuunganisha ni vile wanasiasa wanaita kila kitu mwendokasi. SGR yetu jina lake la Kiswahili ni reli ya kisasa, na "kisasa" hapo inahusu zaidi upana, milimita 1,435 badala ya mita moja ya ile ya mkoloni. Treni ya abiria ya Mombasa inafika kilomita 120 kwa saa. Ya Tanzania, ya Dar es Salaam mpaka Dodoma, inafika 160, na wenzetu huko wameipa jina la mwendokasi tayari, sawa, ni yao. Lakini Shirikisho la Kimataifa la Reli, lile linaloitwa UIC, kwa reli mpya huhesabu mwendokasi kuanzia kilomita 250 kwa saa, na Afrika nzima treni iliyopita hapo ni ya Morocco, ile ya Tangier mpaka Casablanca iliyoanza Novemba 2018, hiyo inafika 320. Kwa hivyo kama mheshimiwa alimaanisha ile ya Suswa isukumwe mpaka Nakuru, aseme reli ya kisasa, ni jina la kweli na halina aibu, 120 bado inapita matatu, ambayo kwa sheria mwisho wake ni 80. Kwa sheria, nimesema. Na kama kweli alimaanisha mwendokasi, akirudi muulizeni kilomita ngapi kwa saa, halafu msikilize kama atajibu kwa -ta- ama kwa -nge-.